Mtemi Mirambo, Mtu Aliyetaka Njia Yote Iwe Yake

Msafiri atokaye Tabora kwa garimoshi kwenda Kigoma hupita Urambo kabla ya kufika Kaliua. Akichungulia dirishani huona miombo, mashamba ya tumbaku na watu wanaouza asali penye stesheni. Ni vigumu kudhani kwamba katika nchi hiyo iliyotulia aliishi mtu ambaye jina lake lilipotajwa Unguja wafanyabiashara wa pembe walishika vichwa, na ambaye habari zake zilisomwa London na Brussels. Mtu huyo ni Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyefariki tarehe 2 Desemba 1884. Jina lake halijapotea. Limo katika kambi ya jeshi na shule ya sekondari mjini Tabora, limo katika barabara ya Dar es Salaam, na watoto wetu hulikuta katika vitabu vya historia.

Walakini jina kukumbukwa ni jambo moja, na maisha ya mwenye jina kupimwa ni jambo jingine. Wengine humsimulia Mirambo kama shujaa asiye na doa, aliyewapinga wageni ili kuiokoa nchi. Wengine, hasa waliofuata maandiko ya wasafiri wa zamani, humwita mnyang'anyi wa njiani aliyejivika taji. Kila upande umeshika mkono mmoja wa mtu mzima. Sisi leo twataka kumtazama kwa njia nyingine. Twataka kuuliza alipanda kwa ngazi zipi, na kila ngazi ilimfikisha wapi. Maana katika kila kizazi wapo watu watakao ukubwa, nao huzitafuta ngazi zile zile tatu: kiti cha utawala, jasho la watu, na heshima ya dini.

Kwanza hatuna budi kuijua nchi. Katikati ya karne ya 19, njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikapita Mpwapwa na ukame wa Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ndipo ikaingia Unyanyembe, yaani Tabora. Ulikuwa mwendo wa kadiri ya kilomita 800, nao ulikwenda kwa miguu miezi miwili au mitatu. Kutoka Tabora njia iligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani. Merikani, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti vikapanda bara. Aliyeishika njia alizishika bidhaa, na aliyezishika bidhaa hakukosa watu wa kumfuata.

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840 katika Uyowa, utemi mdogo ulio magharibi ya Tabora. Jina alilopewa utotoni ni Mbula Mtelya. Baba yake alikuwa Kasanda, mtemi wa nchi hiyo. Siku zile Unyamwezi haikuwa dola moja. Zilikuwako temi nyingi, ndogo na kubwa, kila moja na mtemi wake, wanangwa wake na mizimu yake. Mtemi hakuwa mtawala tu. Watu waliamini kwamba uzima wa nchi umefungwa na uzima wa mwili wake, kwamba mvua, mavuno na uzazi wa mifugo vyategemea matambiko yake. Kwa hiyo kijana Mbula alizaliwa karibu na madaraka ambayo tangu mwanzo yaliunganisha siasa na ibada. Jambo hili tulishike, maana tutalirudia.

Alipokuwa bado mtoto, nchi ilitikiswa na Wangoni. Kundi lao liitwalo Watuta, lililotoka mbali kusini ya bara hili, lilifika katika nchi zetu za magharibi likiwa na mbinu mpya za vita. Vijana walipangwa vikosi kwa rika, mateka walitiwa jeshini wakawa askari wa walioshinda, na mashambulio yalikwenda kwa kasi isiyowahi kuonekana. Wengi waliyaona mambo hayo wakakimbia. Mirambo aliyaona akajifunza. Aliposhika utemi wa Uyowa, karibu na mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka kama ishirini, alianza kukusanya rugaruga, yaani vijana wa vita wasio na shamba wala ukoo wa kuwategemea. Wengi walikuwa mateka, yatima, watumwa waliotoroka, au watu waliofukuzwa kwao. Alizichanganya mbinu za Wangoni na bunduki za pwani. Hapo ndipo jina Mirambo lilipoenea, na watu hulifasiri kuwa maana yake ni maiti.

Akaanza na majirani. Alitwaa Ulyankulu, akaunganisha temi kadha wa kadha zilizomzunguka, wengine kwa vita, wengine kwa kuwatisha, wengine kwa mapatano. Mahali pengi hakuufuta ukoo wa watemi wa kale. Alimwondoa mtemi mkaidi akamweka nduguye aliye tayari kumtii, kisha akadai pembe, watu wa vita na utiifu. Ilikuwa hekima ya siasa, kwa kuwa raia waliendelea kumwona mtu wa ukoo wao katika kiti, hali nguvu yenyewe imehamia Urambo. Huko alijenga boma kubwa lenye maelfu ya watu, na mji wake mkuu uliitwa Iselamagazi.

Wakati huo huo Tabora ilikuwa na matatizo yake. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alikuwa amewakaribisha Waarabu wakajenga tembe zao huko. Baada ya kufa kwake, karibu na mwaka 1858, alitawala Mnywa Sele, aliyetaka bidhaa za wageni zilipe ushuru kama bidhaa nyingine zote. Waarabu wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele alizunguka porini miaka kadha akiwashambulia, hata akauawa mwaka 1865. Mirambo aliyaona hayo yote. Alijifunza kwamba mtemi asiye na nguvu zake mwenyewe atawekwa na kuondolewa na watu wa biashara. Kwa hakika hilo lilikuwa fundisho la kweli, na tukimlaumu Mirambo katika mengine, katika hili alikuwa na macho kuliko wengi.

Mwaka 1871 ugomvi uliiva. Mirambo alidai ushuru mkubwa kwa misafara iendayo Ujiji, kisha akaifunga njia. Waarabu wa Tabora, pamoja na watu wa Mkasiwa, wakatoka mwezi wa Agosti kumpiga. Kati yao alikuwamo mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Dkt. Livingstone. Mwanzoni walishinda. Kijana Soud bin Sayd akaongoza kikosi hadi Wilyankuru, wakakiteka kijiji, wakapakia pembe na mateka. Lakini walipokuwa wakirudi na mizigo yao, Mirambo aliyekuwa amejificha na watu wake majanini akawarukia. Soud akafa, jeshi likatawanyika, na kila mtu akakimbilia kwake. Siku chache baadaye, tarehe 22 Agosti, Mirambo akaingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdulla, aliyetoka na watu wachache kumzuia, akauawa, na sehemu ya mji ikateketea. Stanley alikaa Kwihara akitazama moshi, na hatimaye ilimbidi kuzunguka kwa njia ya kusini ndipo afike Ujiji, alikomkuta Livingstone mwezi wa Novemba.

Vita hivyo viliendelea miaka mitano hivi. Biashara ya pembe Unguja ilitikisika. Sultani Barghash, aliyeshika kiti mwaka 1870, alituma askari wa kuwasaidia Waarabu wa Tabora, wasifaulu kumshinda. Waarabu wenyewe waligawanyika kwa wivu, kila mmoja akiogopa mali yake kuliko adui. Hata hivyo Mirambo naye hakuweza kuitwaa Tabora moja kwa moja. Pande zote mbili zikachoka, na mwaka 1876 kukawa na mapatano, ingawa uhasama na Unyanyembe haukwisha. Mwaka huo huo Mkasiwa alifariki, akatawala Isike, ambaye miaka iliyofuata alikuwa mpinzani wa Mirambo.

Mwezi wa Aprili 1876 Stanley alirudi tena, akakutana na Mirambo uso kwa uso. Alitazamia kuona jitu la kutisha, akamkuta mtu mwenye sauti ya upole, mnyofu wa mwili, mwenye adabu, asiyependa ulevi. Wakachanja damu wakawa ndugu. Stanley ndiye aliyewazoeza Wazungu kumlinganisha Mirambo na Napoleon Bonaparte wa Ufaransa. Mfano huo ulimsifu, na pengine ulisema zaidi ya alivyokusudia Stanley, kwa kuwa Napoleon naye alipanda kwa vita, na vita ndivyo vilivyommaliza.

Sasa tutazame ngazi ya pili, yaani jasho la watu. Mali ya Unyamwezi ya siku zile haikuwa pembe tu. Mali yake kubwa ilikuwa miguu na mabega ya vijana wake. Mnyamwezi ndiye aliyekuwa mpagazi mashuhuri wa njia ya bara. Alibeba mzigo wa ratili 60 au 70, akalipwa kwa nguo na shanga, akafuata ngoma na bendera ya kirangozi wake. Ilikuwa heshima kwa kijana kwenda pwani na kurudi. Asiyekwenda alichekwa kama mtoto wa mama. Wapagazi hao walikuwa wafanyakazi huru. Walijua kupatana ujira, walijua kugoma, na walimwacha tajiri mdhalimu usiku pamoja na mizigo yake. Maelfu kwa maelfu walikwenda kila mwaka, wakarudi na majembe, nguo na habari za dunia.

Mirambo aliifahamu nguvu hiyo. Alituma misafara yake mwenyewe, akajaribu kupata mlango wa kuuza pembe zake pasipo kupita mikononi mwa Tabora. Alifanya urafiki na Philippe Broyon, mfanyabiashara kutoka Uswisi, na kwa njia yake alitafuta soko la pwani. Aliwatuma wajumbe na zawadi kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Baadaye alipatana hata na Tippu Tip, mfanyabiashara mkuu wa Manyema. Mkono wake ulifika Uvinza, kwenye chumvi, na aligombana na watu wa magharibi karibu na ziwa. Lengo lilikuwa moja: njia yote kutoka ziwani hadi Ugogo iwe chini ya neno lake, na kila mzigo upitao utoe fungu lake.

Lakini hapa ndipo palipokuwa na ufa katika jengo lake. Mpagazi hulishwa na amani, rugaruga hulishwa na vita. Kila alipoifunga njia ili kuwashinda Waarabu, vijana wa Unyamwezi walikosa ujira. Na ili kuwalipa rugaruga, ambao hawakuwa na mshahara ila nyara, ilibidi kila kiangazi kitafutwe kijiji cha kuteka. Walioumia zaidi hawakuwa Waarabu. Walikuwa Wanyamwezi wenzake, Wasumbwa, Wavinza na wengine, wakulima waliolazimika kuhamia ndani ya maboma na kuyaacha mashamba ya mbali. Wanawake na watoto waliotekwa waligawiwa askari au kuuzwa. Hatuwezi kumwita mkombozi wa watumwa mtu aliyewapata watu kwa njia hiyo, hata kama adui zake nao walikuwa wafanya biashara ya watumwa. Yeye mwenyewe yaelekea aliuona ufa huo, maana mara kwa mara alionyesha hamu ya biashara ya amani. Tatizo ni kwamba mtu aliyempanda simba hashuki kwa urahisi.

Ngazi ya tatu ilikuwa dini. Tulisema kwamba utemi wenyewe ulikuwa na utakatifu wake. Mirambo aliutumia. Matambiko ya mababu yalifanyika, wafumu waliheshimiwa, na sifa ya dawa zake za vita ilitangulia mbele ya jeshi lake, ikawashinda watu kabla ya risasi. Hakuwa Mwislamu, ijapokuwa wengi waliomzunguka katika biashara walikuwa Waislamu. Wamisionari walipoanza kufika, akili yake kali ikatambua upesi kwamba hawa nao ni njia nyingine, tena njia isiyopita Tabora.

Mwaka 1879 alimpokea Dkt. Ebenezer Southon, tabibu wa misioni ya Kiprotestanti ya London, akampa mahali pa kujenga Urambo. Southon alijifunza Kinyamwezi, akatibu wagonjwa, akawa mwandishi wa barua za mtemi kwa Dkt. John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja. Hicho ndicho Mirambo alichokitafuta zaidi: barua, dawa, mafundi, na rafiki mwenye nguvu ng'ambo ya bahari. Alimpenda tabibu huyo kwa kweli, akamlinda, akamsikiliza akisema habari za Mungu. Hakuwazuia watu kumsikiliza. Walakini yeye mwenyewe hakubatizwa, na kwa miaka mingi misioni ile haikupata waamini. Watu walimtazama mmisionari kama mgeni wa mtemi, sawa na bunduki mpya katika ghala lake. Na tena nani angethubutu kuifuata dini ambayo bwana wa nchi mwenyewe huiangalia kwa jicho la biashara? Southon alipigwa risasi kwa ajali mwaka 1882, mkono wake ukakatwa, naye akafa mwezi wa Julai. Mirambo alihuzunika. Alimpoteza rafiki, na pia alimpoteza kalamu yake.

Kabla ya hapo jambo jingine lilikuwa limeharibu matumaini yake. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ametuma tembo kutoka Bara Hindi wajaribiwe kubeba mizigo hadi Karema, mahali pa wapagazi. Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika kazi hiyo, walikuwa Mpimbwe mwezi wa Juni 1880 wakati jeshi la Mirambo pamoja na rafiki zake lilipoushambulia mji huo. Wote wawili wakauawa. Mirambo alijitetea kwamba hakujua kuwa wamo. Huenda alisema kweli. Lakini balozi Kirk, ambaye hapo awali alielekea kumwona kama nguvu ya kupatana nayo, akamgeuka. Kazi ya miaka ya barua na zawadi ilianguka kwa asubuhi moja ya utekaji. Ndivyo ilivyo: atawalaye kwa rugaruga hawezi kuwachagulia rugaruga ni nani wa kumpiga.

Katika miaka hiyo hiyo wamisionari wetu Wakatoliki walikuwa wakipita njia ile ile. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, waliotumwa na Kardinali Lavigerie, ulitoka Bagamoyo mwaka 1878, ukampoteza Padre Pascal porini, kisha ukafika Tabora na kugawanyika, wengine kwenda Buganda na wengine Ujiji. Tangu mwaka 1881 walikuwa na makao Tabora, kisha Kipalapala, walikowalea watoto waliokombolewa utumwani. Nao waliishi katikati ya hofu ya vita kati ya Isike na Urambo, na mwaka 1889 ilibidi waondoke. Ndipo mwaka 1891 Ushirombo ikaanza, na mwaka 1900 Tabora ikapata misioni tena.

Miaka ya mwisho ya Mirambo ilikuwa ya vita vingi na matunda machache. Aliugua, na inasimuliwa kwamba ugonjwa ulimshika kooni. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, akiwa na umri wa miaka kama arobaini na minne. Tutazame tarehe hiyo vema. Siku kumi na saba nyuma, tarehe 15 Novemba, wajumbe wa mataifa walikuwa wamekutana Berlin kuzungumza habari za Afrika. Na katika wiki hizo hizo Mjerumani Karl Peters alikuwa Usagara, juu ya njia ile ile ya misafara, akiwatia watemi na wazee alama katika karatasi wasizoweza kuzisoma. Mtu mmoja wa bara la kati aliyekuwa na nguvu ya kukusanya temi nyingi chini ya shauri moja alikuwa anakufa kitandani, wala hakujua kwamba adui mkubwa kuliko Waarabu wa Tabora amekwisha panda milima.

Alirithiwa na ndugu yake Mpandashalo, aliyeuawa vitani mwaka 1890. Hapo dola ikapukutika kama nyumba iliyoliwa na mchwa. Temi zilizounganishwa kwa bunduki zikajitenga, kwa kuwa kilichozifunga kilikuwa hofu ya mtu mmoja, na hofu hiyo ilizikwa pamoja naye. Mwaka huo wa 1890 Emin Pasha alifika Tabora na bendera ya Wajerumani. Isike wa Unyanyembe akakaidi peke yake. Mwezi wa Januari 1893, boma lake lilipovunjwa na Tom von Prince, Isike alijilipua kwa baruti yake mwenyewe kuliko kutekwa. Urambo haikuweza kumsaidia, wala yeye hakuwahi kuisaidia Urambo. Watu wawili wa lugha moja na damu moja walikuwa wamemaliza nguvu zao kupigana wao kwa wao, na mgeni akawaokota mmoja mmoja.

Basi tuseme nini juu ya mtu huyu? Haki yadai tumpe sifa zake. Alitoka katika utemi usiojulikana, akaona mbali kuliko wenzake. Alikataa kuwa mtemi wa kuwekwa na wafanyabiashara. Alijitawala nafsi katika mambo ambayo yamewaangusha wakubwa wengi, hasa ulevi na majivuno ya nje. Alijua kusikiliza mgeni bila kujidhalilisha. Taifa letu halikukosea kuliweka jina lake juu ya milango.

Lakini yampasa Mkristo asomaye habari hizi asiishie kwenye sifa. Mirambo alikichukua kila kitu chema akakifanya ngazi. Utemi uliopaswa kuwa ulinzi wa raia ukawa njia ya kupanua mipaka. Nguvu za vijana zilizopaswa kujenga nyumba na shamba zikawa kuni za vita. Dini, ya mababu na ile iliyoletwa na wageni, ikawa chombo cha kupatia baruti, barua na hofu ya watu. Hatuna haki ya kuihukumu roho yake. Hiyo ni kazi ya Mwenyezi Mungu, naye hakupata nafasi tuliyopata sisi. Sisi tulio na mafundisho na Sakramenti ndio tutakaoulizwa zaidi.

Tena tusidhani kwamba kishawishi hiki ni cha watemi wa kale tu. Hata Kanisa lilikionja. Kardinali Lavigerie aliwahi kuota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, wenye askari wa kuulinda, na Kapteni Joubert alipigana na wateka watumwa upande wa magharibi wa ziwa. Nia ilikuwa njema, na wengi waliokolewa. Lakini ufalme huo haukusimama, na imani katika nchi zetu haikuenea kwa bunduki zake. Ilienezwa na watu kama Adrian Atiman, mtoto aliyeuzwa utumwani Afrika ya Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Huko akatibu wagonjwa na kufundisha dini hata alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 hakutawala mtu hata mmoja. Alipokufa, hakuna kilichoanguka. Wagonjwa wake waliopona na wakatekumeni wake waliobatizwa walibaki.

Yafaa kuyakumbuka hayo wakati wowote watu wanapoomba kura, au kuongoza chama cha wafanyakazi, au kushika kipaza sauti kanisani. Siasa ni wito mwema. Kanisa haliwakatazi walei wake wasiushike. Kuwatetea wafanyakazi ni kazi ya haki. Kusema jina la Mungu mbele ya watu ni heshima kubwa. Lakini mtu anayevitaka vyote vitatu kwa pamoja, ili vyote vimpandishe yeye, tumwulize maswali matatu kabla ya kumshangilia. Je, raia wake wanalala salama, au kila mwaka anawatafutia adui mpya? Je, wanaomtumikia wanalipwa ujira wa kazi yao, au wanalipwa nyara za wengine? Je, anapokuja kanisani au msikitini, huja kupiga magoti, au huja kuhesabu vichwa?

Mkubwa wa kweli, kama Bwana wetu alivyowafundisha Mitume wake walipogombana kwa ajili ya viti, ni yule aliye mtumishi wa wote. Wapagazi wa Unyamwezi waliulewa ukweli huo kwa mabega yao. Kirangozi alitangulia mbele ya msafara na bendera yake, lakini naye alibeba mzigo.